Maji ya Mvua kwa Meno ya Mdogo Wangu

Juzi nilichelewa kumfikisha binti yangu shuleni, hapa Kitengela, na tulipoingia getini tukakuta darasa zima limepangwa kando ya ua, kila mtoto na mswaki wake, wakitema povu jeupe kwenye udongo mweusi. Watu wa meno walikuwa wamekuja. Walivaa glavu na tochi ndogo kwenye paji la uso, na mmoja wao alishika taya kubwa la plastiki akionyesha namna ya kusugua: taratibu, bila vita. Binti yangu aliniachia mkono akakimbia kujiunga na wenzake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuondoka. Kazini walikuwa wananingoja, simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mkoba, na bado nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Mwishowe nikamwendea yule mwenye taya nikamuuliza, "Hapa shuleni hawa watoto wanakunywa maji gani?"

Alinitazama usoni, kisha akatazama meno yangu, maana siku hizi nimeacha kuyaficha. "Ya mtambo, mama. Yanasafishwa kwanza. Hii ya kisima ni ya kupiga deki na vyoo tu."

Nikashukuru nikaenda zangu. Lakini siku hiyo sikutulia. Niliketi nikainuka, nikapika chai nikaisahau ipoe, nikafungua kazi nikaifunga. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, mtu wa kuruka ruka, na nikiwa na jambo kifuani ndiyo balaa zaidi. Basi acha nikusimulie wewe, labda nikimaliza nitapata kukaa.

Kwetu kulikuwa upande wa Isinya, mbele ya Kitengela ukielekea Kajiado. Wewe unayeijua Kitengela ya maghorofa na foleni utaniona mwongo nikikuambia kwamba nilikuwa nikienda shule nikisubiri nyumbu wapite kwanza. Nyua zilikuwa chache. Upepo ulitoka mbali bila kuzuiwa na kitu, ukifika kwetu umebeba vumbi, harufu ya mbuzi na wakati mwingine mfuko wa nailoni kutoka soko lisilojulikana. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika miguu mpaka mtu akatembea kama amevaa viatu vya baba yake.

Baba na mama walikuwa Magadi, baba akifanya vibarua kule kwenye ziwa la magadi. Joto la huko lilimshinda kila mtoto aliyezaliwa kwetu, kwa hiyo mimi niliachwa kwa koko, bibi yangu mzaa baba, na mdogo wangu akaletwa mara tu alipoachishwa kunyonya. Alikuja amefungwa mgongoni mwa mama, kichwa kikubwa, macho yanauliza. Koko alimpokea, akamtemea mate ya baraka kwenye utosi, akamweka mapajani. Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi.

Nyumba ya koko ilikuwa ile ya kwetu ya zamani, ya fito na samadi, fupi, ya duara upande mmoja. Ndani kulinukia moshi na vibuyu. Koko alisafisha vibuyu vyake kwa kijiti kinachowaka cha mzeituni wa porini, na maziwa yaliyotoka humo yalikuwa na ladha ya moshi ambayo nimeitafuta katika kila duka la Nairobi sijaipata. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira, mwepesi zaidi wa kucheka. Meno mawili ya chini mbele hakuwa nayo, yalitolewa alipokuwa mtoto kama ilivyokuwa desturi, na kupitia pengo hilo alipiga mluzi ambao ndama waliuelewa kuliko mimi nilivyoelewa hesabu.

Na tulikuwa na kisima. Hili lazima nikueleze vizuri, maana bila hilo utaona watu wetu walikuwa wabishi bure. Kabla ya kisima, akina mama waliondoka na punda alfajiri kutafuta maji, wakarudi jua limewapiga mpaka hawana maneno. Halafu wafadhili wakachimba, chini sana, wakafunga pampu, maji yakatoka. Siku hiyo mbuzi alichinjwa. Koko aliyabariki maji yale kwa maziwa na majani mabichi, na wanawake wakaimba mpaka jioni. Yalikuwa na chumvi kidogo, ndiyo, ukiyapikia chai ulihitaji sukari ya ziada. Nani angelalamika? Ungemwambia mama yeyote wa pale kwamba kisima kina kasoro, angekuuliza kama wewe umewahi kumfuata punda.

Sisi watoto wa kisima meno yetu yalitoka ya kahawia. Ya wengine yalikuwa na madoadoa ya chokaa, ya wengine rangi ya chai ya rangi, na ya kwangu yalikuwa mabaya, yenye vishimo vidogo kama yaliyogugunwa. Hatukulifikiria sana mpaka tulipoanza shule, kwa sababu shuleni kulikuwa na watoto wa wageni, wale waliohamia kutoka Murang'a na Nyeri wazazi wao wakinunua viwanja. Hao walikuja na meno yao meupe tayari mdomoni. Na mwalimu wetu wa zamu alikuwa mtu wa huko huko, mtu mzuri, mwenye kupenda usafi kupita kiasi. Kila Jumatatu tulisimama mistarini, kucha mbele, kola juu, mdomo wazi. Akifika kwetu alitikisa kichwa.

"Nyinyi hamsugui meno. Kando."

Tulikwenda kando. Tulikuwa wengi kando kuliko mstarini. Tukapewa vijiti tutafune, na wenzetu wenye meno meupe wakatutazama kwa huruma ile inayouma kuliko kicheko.

Mimi nilisugua. Mungu ndiye shahidi wangu, nilisugua. Nilitumia majivu, nikatumia mchanga wa mtoni, nikavunja kipande cha magadi nikakisaga nikatia kidoleni. Ufizi ulitoa damu, chai ya moto ikawa adhabu, na ile rangi haikusogea hata kidogo. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa, kitu ambacho ukikijaribu utaona kinatoka puani.

Kisha siku moja likaja gari jeupe likasimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, akashuka daktari wa meno, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na wasaidizi wake. Wakatoa kiti cha kukunja, ndoo, pamba, vioo vidogo vyenye mpini. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba wamekuja kutoa meno ya chini. Kwa watoto wa kwetu hiyo haikuwa hadithi, kila mtu alikuwa na bibi mwenye pengo. Nusu ya darasa ikatoweka kwenye vichaka nyuma ya vyoo. Mwalimu alitumia kipindi kizima kuwatoa humo.

Mimi sikukimbia. Nilikuwa wa kwanza kitini, kwa sababu nilitaka kujua. Daktari akanifungua mdomo, akaangalia. Akaniuliza nasugua na nini. Nikamwambia vyote. Akamwita mwalimu wa zamu.

"Mwalimu, hawa watoto hawana uchafu kwa meno. Hii ni maji. Hiyo maji mnatoa chini huko iko na kitu, kidogo ni dawa, ikizidi inachora jino wakati inaumbwa. Huyu akiendelea kusugua na mchanga atamaliza jino na rangi ibaki."

Mwalimu alijikuna shingo. Jumatatu iliyofuata hakutuweka kando. Nilimpenda kwa hilo.

"Itatoka lini?" nikamuuliza daktari.

Angeweza kunidanganya, watu wazima wengi wangefanya hivyo. "Hii haitoki, mami. Lakini meno yako ni yako, tutayatunza." Akakausha magego yangu kwa pamba, akaziba mifereji yake kwa dawa nyeupe, akaiwekea taa ya buluu ikakauka. Akanipa mswaki mwekundu, laini, akanionyesha dawa ya kutosha kama punje ya mahindi, si zaidi. Nilikuwa nimeshashuka kitini aliponiuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Uko na mdogo wako?"

Nikasema niko naye.

"Amejaza miaka mingapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono alivyo mrefu. Akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. Meno ya ukubwani ya mtoto kama huyo, akasema, yanaumbwa sasa hivi ndani ya ufizi, hayajaonekana bado. Akinywa maji ya mvua, au maziwa, yatatoka meupe. Akinywa ya kisima yatatoka kama yako. "Mwambie mama yako."

Mama yangu alikuwa Magadi. Nilitoka shuleni siku hiyo sikutembea, nilikimbia.

Koko hakufurahi. Nilimkuta anakamua, nikamwambia yote kwa pumzi moja, na alichosikia ni kwamba mjukuu wake amekuja kutukana kisima.

"Hii maji imetuponya," alisema bila kuinua kichwa. "Huyo daktari alikuwa wapi wakati mgongo yangu ilikuwa inavunjika?"

"Koko, hajasema kisima kifungwe. Amesema mtoto asinywe."

"Sisi wote tunakunywa."

Nikafungua mdomo wangu mbele yake. Nilifungua tu mdomo, karibu na uso wake, ng'ombe akituangalia. Koko alinitazama kwa muda, mkono umesimama kwenye chuchu, na nilimwona akiona. Aliendelea kukamua. Alipomaliza akasema, "Basi ero atakunywa maziwa." Ero ni kijana kwa lugha yetu, ndivyo alivyomwita mdogo wangu.

Maziwa peke yake yasingetosha na alijua. Maji ya mvua nayo yalihitaji paa la mabati, na paa letu lilikuwa la samadi. Ukikinga maji yaliyotoka kwenye paa la samadi utapata kitu ambacho hata punda atakikataa. Aliyekuwa na mabati, na mifereji yake, na pipa kubwa lenye kifuniko, ni jirani mmoja tu: mama aliyetoka Murang'a na watoto wake wakubwa, akalima mboga pale ambapo kila mtu alisema hapalimiki. Koko alimwita Mama wa Mabati, na hakumwita hivyo kwa upendo. Ua wa seng'enge wa huyo mama ulikata njia ya ng'ombe wetu, na tangu ulipojengwa koko alikuwa ameapa kutomwomba hata moto.

Kesho yake asubuhi koko alivaa shanga zake, akachukua kibuyu cha maziwa, akaenda akasimama kwenye ule ua. Mimi nilikuwa nyuma yake na mdogo wangu mgongoni. Alikohoa. Akakohoa tena. Jirani akatoka na jembe mkononi akidhani ni vita vya ua vimerudi.

"Supa," koko akasema, salamu ya kwetu.

"Epa," jirani akajibu. Nilishangaa anajua kuitikia Kimaasai.

"Nimeleta maziwa." Akainua kibuyu. "Huyu mtoto anataka maji ya juu."

"Maji ya juu?"

"Ya Mungu. Ya mabati yako. Hii yetu ya chini inaharibu meno, daktari amesema."

Jirani alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaweka jembe chini. "Na si ungesema tu, mama. Mtoto ni mtoto. Msichana akuje na mtungi wakati anataka."

Hivyo ndivyo ugomvi wa seng'enge ulivyoisha, kwa jambo ambalo halikuhusu seng'enge. Jirani akafungua sehemu ya ua, akaweka mlango mdogo wa mbao. Nilipewa mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia, nikauosha kwa maji moto mpaka harufu ikaisha, na kuanzia hapo nikawa mlinzi.

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kulinda kitu usichokiona. Ng'ombe unamwona. Shamba unaliona. Mimi nililinda meno yaliyokuwa bado ndani ya ufizi wa mtoto anayekimbia kila upande na kunywa kila kikombe anachokikuta. Darasani nilikaa kwenye ukingo wa dawati. Mwalimu akifundisha, mimi nawaza nani amempa chai. Kengele ikilia nilikuwa wa kwanza nje. Nilifika nyumbani nikitweta, nikamshika kidevu, nikamuuliza amekunywa nini, na yeye maskini akinijibu "Maji" kwa furaha ya mtoto anayejua jibu. Maji gani? Hapo ndipo aliponishinda.

Wageni walikuwa shida. Mjomba akija, anampa mtoto funda la chai yake, ndiyo mapenzi. Mimi nilikuwa napitia kati kama mwewe. Nimewahi kugonga kikombe mkononi mwa mzee mzima chai ikamwagika kwenye shuka lake, na koko hakunipiga, jambo lililonishangaza. Baadaye nikamsikia akimweleza mzee huyo kwamba msichana ana wazimu kidogo lakini ni wazimu wa maana.

Koko mwenyewe nilimchunga kuliko wote. Kwake chai haikuwa maji. "Chai ni chai," alisema, "imechemka, imekufa hiyo sumu yenu." Nilimwambia daktari amesema kuchemsha hakusaidii, kunazidisha. Tulibishana hivyo muhula mzima. Mwishowe akakubali kupika chai mbili, ya kwake ya kisima na ya ero ya mvua, akilalamika kwa Kimaasai kwa sauti ndogo wakati wote, na mimi nikikaa mlangoni nikizikazia sufuria hizo mbili macho.

Watu wa meno walirudi kila muhula. Tulizoea: dawa kama punje ya mahindi, tema, usisuuze sana, onyesha magego. Daktari aliniuliza kila mara, "Mdogo wako?" na mimi nikajibu, "Anakunywa ya mvua." Sikuwa bora darasani wala mbio sikuwa nashinda, lakini swali hilo nililijibu kwa kichwa kilichoinuka.

Halafu mvua ikakataa. Ulikuwa ukame ule wa kweli, wa ng'ombe kubaki ngozi na pembe. Wanaume waliondoka na mifugo kwenda mbali kutafuta majani na maziwa yakaondoka nao. Pipa la jirani likashuka mpaka ukigonga linalia. Nilidhani atatufungia ule mlango wa mbao, na nisingemlaumu. Badala yake alikuja kwetu mwenyewe. Alisema maji yaliyobaki ya pipa yatakuwa ya mtoto tu, wao watakunywa ya kisima, watoto wake wameshakuwa wakubwa, meno yao yameshatoka. Na kwa kuwa hatuna maziwa, mtoto atakuwa anakula kwake mchana.

Akawa anampikia githeri. Alikuwa na kisufuria kidogo cha mtoto huyo, hakichanganywi, mahindi na maharagwe yanachemshwa kwa maji ya mvua peke yake. Nilikuwa nikitoka shule napitia pale na kukuta mdogo wangu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mashavu yamejaa. Harufu ya githeri ile, vitunguu na kuni zilizolowa moshi, hata sasa inanifanya nimeze mate. Kuni zilikuwa adimu, na mahindi makavu yanataka kuchemshwa siku nzima. Ndipo baba alipokuja likizo kutoka Magadi. Aliposikia jinsi jirani alivyotufaa, aliona aibu kwenda mikono mitupu. Alikuwa amebeba gunia dogo la magadi yenyewe, madonge yale ya kijivu wanayookota kando ya ziwa, akampelekea yote. Ukitia kipande kidogo kwenye sufuria, mahindi yanalainika upesi, kuni zinabaki. Jirani alifurahi mpaka akamwombea baba. Na kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo, meno yake ya maziwa hayawezi chakula kigumu, kile kisufuria chake ndicho alichokitilia magadi kwanza.

Mvua ilirudi. Ng'ombe waliobaki wakarudi. Mdogo wangu akakua, akaanza shule, meno ya mbele yakaanza kutikisika. Siku lilipodondoka la kwanza nilikuwa na wasiwasi wa mama mjamzito. Kila asubuhi nilimwinua kidevu juani. Kwanza kikaonekana kikingo tu, cheupe, cheupe kama ndani ya yai. Nilipiga kelele za furaha koko akatoka mbio akidhani ni nyoka. Tulimwita jirani, akaja na unga mikononi, tukamzunguka mtoto sote tukimwangalia mdomoni, naye akakubali kuangaliwa kama ng'ombe wa mnada.

Lakini jino linatoka polepole. Liliposhuka kidogo zaidi, ukatokea mstari. Wa kahawia, mwembamba, umekata jino kutoka upande hadi upande kwenye yale yote manne ya juu. Baada yake jino likaendelea kuwa jeupe. Jirani hakuuona, alikuwa ameanza kazi Rongai kwa mwanawe wa kwanza na alikuja mara chache tu, na mimi nilimkataza mdogo wangu kucheka mbele yake. Sikutaka ahuzunike.

Daktari aliupima kwa kioo chake. "Amefanya vizuri sana," alisema, akiniangalia mimi. "Ila kuna wakati alipata ile kitu. Si siku nyingi. Miezi kidogo."

Ningekueleza ilivyoniuma ungenicheka, kwa mstari tu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwatafuta wenye hatia. Mjomba wa chai. Watoto wa shangazi. Koko. Koko nilimuuliza mara moja tu, na hakujitetea. Alisema, "Labda ni chai yangu." Tangu hapo hakunywa chai tena mbele ya ero, hata alipokuwa mkubwa na haikuwa na maana tena. Alifariki akiamini ni chai yake, na mimi nikiamini vilevile.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Kajiado kwenye mafunzo ya watu wa afya wa mashinani, kazi ninayoifanya mpaka leo. Mkufunzi wa meno alifungua mfuko akaweka mezani donge la kijivu. Akasema hiki tunachotia kwenye githeri ilainike kinaweza kuwa na ile kitu, floridi, nyingi kuliko kisima chenyewe, na mama anaweza kumpa mtoto maji masafi kabisa na bado akamharibia meno kwa sufuria. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje. Nilizunguka jengo lile, nikazunguka tena, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa nakiona kile kisufuria. Nilimwona baba na gunia lake begani, anatembea haraka kwa furaha ya kwenda kushukuru.

Kwetu sasa pameuzwa vipande. Kisima kina ukuta na kufuli, njia ya ng'ombe ni lami yenye matuta, na pale palipokuwa na nyumba ya koko kuna duka la vifaa vya ujenzi. Nyumbu sijawaona upande huo tangu sijui lini. Mdogo wangu anaishi Gataka, ana kazi nzuri ya kukutana na watu, na mwaka huu alipojiandaa kuoa alikwenda kwa daktari mmoja mjini akafunikwa yale meno manne ya mbele. Alinitumia picha. Meupe yote, laini, hayana mstari. Nilimwandikia kwamba yamependeza, na yamependeza kweli, kisha nikakaa na simu mkononi nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumwambia. Yeye hakumbuki ukame. Anachokumbuka ni kwamba dada yake alikuwa akimnyima maji.

Siku ya sherehe jirani alikuja. Amezeeka, anatembea kwa kushikwa mkono, lakini alikataa kukaa mpaka aletewe bwana harusi. Akamwinamisha, akamshika kidevu kama tulivyokuwa tukifanya, akamwambia acheke. Akayatazama meno yale kwa muda mrefu. Macho yake yalijaa machozi. Kisha akanigeukia mimi, akanivuta karibu.

"Unaona hiyo?" alisema. "Ile ukame yote, na tuliyaokoa. Ama sivyo?"

Muziki ulikuwa juu na watu walitusukuma kila upande. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi miguu yangu ilitulia mahali pamoja.

"Tuliyaokoa, mama," nikamwambia. "Ilikuwa ni maji yako."

Alifurahi mno, na jioni yote nilimsikia akiwasimulia wageni habari ya pipa lake. Bado anaishi, yuko Rongai kwa mwanawe, na anapenda kutembelewa. Ukipita huko na akakuuliza kuhusu yale meno, na wewe mjibu hivyo hivyo.